Shule yetu ya kata tunapataje kompyuta za UCSAF?

Wakuu habari, mi ni mwalimu wa sekondari ya kata huku kijijini, umeme wa REA (wakala wa nishati vijijini) tunao ila kompyuta ni moja tu ya ofisini na intaneti ni bando la mfukoni kwangu, likikata ndo kipindi kimeisha. Sasa ule mfuko wa mawasiliano kwa wote, UCSAF, wa sheria ya 2006 unaochangiwa na makampuni ya simu, huwa unagawa kompyuta shule za serikali. Mkuu wa shule anasema tusubiri halmashauri, mi naona tutasubiri mpaka tustaafu. Mliofanikiwa, barua mliandika wenyewe au ilipitia kwa mkurugenzi? Na intaneti ya kila mwezi mnalipia fungu gani, maana kapitesheni yetu (ile ruzuku ya serikali kwa kila mwanafunzi) inaishia kwenye chaki na karatasi za mitihani.