Mrejesho: Picha za familia nje, Dodoma

Nawashukuru kwa ushauri mlionipa nilipouliza kuhusu saa na mavazi yanayofaa kwa picha za familia za nje. Tulipigia chini ya Mlima wa Simba kuanzia saa kumi na moja jioni, kwa kuwa jua la mchana hapa Dodoma huwa kali na huweka vivuli vyeusi machoni, ilhali jioni mwanga hulainika juu ya majabali. Nguo za bluu iliyokolea na rangi ya maziwa zilionekana vyema mbele ya udongo mwekundu. Sare ya kitenge iliyopendekezwa na baadhi yenu nimeiwekea harusi. Upepo wa Julai haukuwa na adabu, hivyo mtandio wa mama mkwe tuliubana begani kwa pini. Mpiga picha alianza na mtoto mdogo kabla hajachoka, kisha watu wazima wakafuata.