Mlimani hawaniulizi, nyumbani hawanisubiri: nifanyeje?

Mwongozaji wa Marangu:
Ndugu zangu, nina miaka 51 na nimepandisha wageni Kilimanjaro tangu mwaka 1998, nilipoanza kama mpagazi. Zamani, jioni pale kambi ya Horombo, kwenye mita 3,720, wageni walinizunguka mezani wakitaka kujua habari za kilele cha Mawenzi na hali ya hewa ya kesho. Tangu intaneti ilipofikishwa pale Agosti 2022, kila mmoja huinamia simu yake, na kijana ninayefanya naye kazi humbana mgeni kidole kwa kifaa cha kupima oksijeni kabla sijamaliza kumtazama usoni. Nyumbani ni vilevile: nikishuka baada ya siku sita, picha zimeshatangulia, nami napokewa huku tamthilia ikiendelea. Siwalaumu. Nauliza tu, mtu afanye nini ili aendelee kuhitajika?

Dereva wa Sakina, Arusha:
Pole, kaka. Sisi wa magari tulijivunia kujua simba alipolala, mpaka madereva walipoanza kuitana kwa redio, na siku hizi kwa simu. Usishindane na kifaa. Mwombe kijana akufundishe kukitumia, nawe umfundishe kile ambacho namba haisemi: mgeni anaweza kuonyesha asilimia 80 pale kambi ya Kibo huku anakula na kucheka, na mwingine mwenye namba nzuri kuliko hiyo akaanza kuyumba kama mlevi, naye huyo ndiye wa kuteremshwa usiku huohuo bila kubishana. Jicho hilo umelipata kwa miaka mingi. Kijana bado hana.

Mama wa Kiborloni:
Shemeji, shikamoo. Mume wangu naye ni wa mlimani, kwa hiyo niwie radhi nikisema wazi. Kwa miaka mingi alirudi akasimulia, akalala siku mbili, akapanda tena, na sisi tukasikiliza kwa adabu. Binti yetu alifanya mtihani wa Kidato cha Nne baba yake akidhani yuko cha Tatu. Ukishuka safari hii, kabla ya kufungua begi, uliza nani amekata majani ya ng'ombe, migomba ya kihambani inaendeleaje, na mtoto aliyekuwa na kikohozi yu hali gani. Kisha ukumbuke ulichojibiwa.

Mpishi wa Machame:
Nakubaliana na mama. Niongeze tu kwamba Aprili na Mei, mvua zinapopunguza wageni, ndiyo miezi ya kujifunza lugha. Mimi nilianza Kijerumani masika yaliyopita, ingawa matamshi yangu bado yanawachekesha wageni.

Mwongozaji wa Marangu:
Marahaba, shemeji, na asanteni nyote. Kijana amekubali tukae na kile kifaa kesho, kabla ya kupanda Jumapili. Kuhusu ng'ombe, nimeuliza jioni hii. Aliuzwa tangu Februari.