Nyinyi mnaotuuzia zana za AI, maelezo yenu "yamepita ukaguzi" wa nani?

Wanajamvi, leo nimechoka na nitasema. Kuna kampuni, jina naliacha, inatuuzia zana za kuunganisha na wakala wa AI, yaani programu inayojibu watu na kuita zana yenyewe: ya boti, ya vyumba, ya maji kujaa na kupwa. Hapa Lamu tumezifunga kwenye namba ya WhatsApp inayojibu wageni. Kila nikilalamika kwamba wakala anavuruga mambo, jibu ni lile lile: "Maelezo ya zana zetu yamepita ukaguzi na yamepata alama za juu."

Ukaguzi gani huo?

Chukueni hiyo ya maji. Maelezo yake yote haya hapa: "Hutoa data ya maji ya eneo." Basi. Bandari zipi? Kimo kwa mita au kwa futi? Saa za wapi? Kumbe saa zinazorudi ni za UTC, saa za kimataifa, na sisi Kenya tuko mbele kwa saa tatu. Siku ya bamvua, maji makubwa, wageni waliofikia Shela wakauliza maji ya kupita mlango wa Mkanda kwenda kisiwa cha Pate yanajaa lini. Wakala akawajibu bila hata kusita: 13:20. Wakashuka jeti na mabegi yao, jua la utosi. Nahodha akayatazama maji, kisha akanitazama mimi. "Mwanangu, hiyo mashini yako imesoma maji ya bahari gani? Haya hayajai mpaka saa kumi na kitu." Na kweli, 16:20. Wageni wakaungua juani, pesa nikarudisha mimi, na kampuni ikaniandikia kuhusu alama za juu!

Kwa wasiojua: modeli, yaani ubongo wa wakala, haioni msimbo ulio ndani ya zana. Inachopewa ni jina, maelezo, na skima ya vigezo, yaani orodha ya taarifa ambazo zana inataka itumiwe, kama tarehe. Hapo ndipo inapoamua iite zana ipi na itume nini. Itifaki ya MCP, yaani kanuni za kuunganisha zana na modeli, waliyoitoa kampuni ya Anthropic Novemba 2024, wala haimlazimishi mtu kuandika maelezo. Jina na skima ndivyo vya lazima. Kwa hiyo mzembe anapita tu, hakuna wa kumzuia.

Nikawabana waniambie wanakagua vipi. Wanahesabu urefu, wanaangalia tahajia, halafu wanaipa modeli nyingine isome maelezo ya zana moja moja na kusema kama "yanaeleweka". Huku ni kumpa mtu unahodha kwa uzuri wa mwandiko wake! Kusomeka kunasomeka, "Hutoa data ya maji" nani haelewi? Lakini huku kwetu zana haikai peke yake. Wana "tafuta_boti" na "pata_safari", na mpaka leo sijui tofauti yake, wakala ndiyo kabisa. Ya tatu wameiandikia "Itumie daima kwa maswali yote ya safari." Hilo ni tangazo la biashara, na modeli inalitii kama amri. Mtu akiuliza Maulidi ni lini, inaenda kumtafutia boti.

La kuniudhi zaidi ni "sasisha_nafasi". Maelezo: "Hubadilisha nafasi iliyohifadhiwa." Hawakusema popote kwamba ukiacha tarehe wazi, inafuta nafasi nzima. Mgeni alitaka kuongeza mtu mmoja tu chumbani. Wakala hakutuma tarehe, kwa nini aitume wakati haibadiliki? Chumba kikaenda. MCP ina sehemu ya kutia alama kwamba zana yaweza kuharibu kitu, na hawa wameandika kwamba haiharibu. Huo si uzembe tena, ni uongo.

Mnataka kupima maelezo? Pimeni kwa kazi. Kusanyeni maswali kama watu wanavyoyaandika hasa, "kesho twaweza kutoka saa ngapi kwenda Pate", "boti ya Mokowe ipo?", pamoja na yale ambayo zana haifai kuguswa kabisa. Wekeni zana zote pamoja, mtazame iliyoitwa ni ipi na vigezo gani vimetumwa. Kila swali lirudieni, maana modeli haijibu sawa kila mara. Badilisheni maelezo peke yake, mpime upya, na maswali mengine myafiche ili msiandike maelezo ya kujibu mtihani tu.

Kwangu nimeyaandika upya: "Hutoa saa za maji kujaa na kupwa kwa bandari moja, siku moja. Saa ni za UTC. Kwa saa za Kenya ongeza 3. Kimo ni kwa mita. Haitoi upepo wala mawimbi." Wakala akanyooka. (Dawa yenyewe ni zana irudishe saa za Kenya moja kwa moja, lakini msimbo si wangu.)

Na nyinyi mnaoniambia ninunue modeli kubwa zaidi: ukubwa wake utaisaidiaje kuona UTC ambayo haikuandikwa popote?

Kampuni, najua mnasoma hapa. Leteni matokeo: swali, zana iliyoitwa, vigezo vilivyotumwa. Mpaka niyaone, malipo ya mwezi huu hamyapati. Na walioko Malindi na Watamu wenye zana hiyo hiyo ya maji, kagueni saa zenu kabla ya bamvua ijayo.