Malezi ya upole: tunalea au tunadekeza?

Mama Pacha Nkuhungu
Wadau, za jioni. Jumamosi nilikuwa soko la Majengo hapa Dodoma, kwa wauza nyanya. Mtoto wa kama miaka mitatu kajitupa chini anataka juisi ya rangi, anagaagaa mpaka maganda ya vitunguu yamemganda kichwani. Mama yake akachuchumaa, akamshika mkono: "Najua umekasirika. Juisi leo hatununui. Nipo hapa, ukimaliza kulia tutaondoka." Muuza nyanya mmoja alimletea fimbo, tena kwa heshima zote. Mama akaikataa. Mtoto akalia weee, akachoka, wakaondoka bila juisi. Naomba kuuliza, haya malezi ya upole yanafaa huku kwetu au tunajidanganya? Mume wangu anasema ni upuuzi wa mitandaoni. Mimi niko katikati.

Mzee wa Kizota
Mazungumzo ya amani na mtoto wa miaka mitatu! Sisi mama alikuwa anakutolea jicho moja tu, hata kama kuna wageni, unajua wakiondoka kuna kesi. Na tumekua vizuri. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Bachela wa Ilazo
Nilijua methali itafika kabla ya hoja.

Mzee wa Kizota
Wewe huna hata kuku wa kufuga. Kaa pembeni ufue soksi.

Nesi wa Makole
Mzee wangu shikamoo, ila hapo kwenye "tumekua vizuri" tutakuja kuongea siku nyingine. Mtoto wa umri ule hakufanyii makusudi. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayomzuia mtu asilipuke, inakomaa polepole mpaka mtu anavuka miaka ishirini. Ukimchapa atanyamaza, sawa, lakini kwa woga. Kujituliza anajifunza kwa mtu mzima aliyetulia pembeni yake. Na someni vizuri alichoandika Mama Pacha: juisi HAIKUNUNULIWA. Diana Baumrind wa Marekani alishatenganisha haya mambo tangu miaka ya 1960. Kuna mzazi mkali asiyesikiliza, kuna anayeachia kila kitu, na kuna anayesikiliza lakini hapana yake inabaki hapana. Mnaowacheka ni hao wa tatu mkidhani ni wa pili.

Mwalimu Chamwino
Nesi kamaliza. Halafu Sheria ya Mtoto ya 2009 imeshapiga marufuku kuchapa, mjadala wa nini tena?

Wakili wa Area C
Mwalimu, taratibu. Kifungu cha 13 kinakataza mateso na adhabu za kikatili, na kinasema adhabu isizidi kiasi kulingana na umri na hali ya mtoto. Hicho "kiasi" ndiko wanakopita wenye fimbo zao. Waliopiga marufuku moja kwa moja ni Sweden, mwaka 1979. Na shuleni kwako viboko bado viko kwenye kanuni, visizidi vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule. Wewe ndiye ungetufundisha.

Mwalimu Chamwino
Kanuni naijua. Njoo wewe ukae na darasa la watoto mia na ushee, hasira za wote zinakuja kwangu saa mbili asubuhi. Nichuchumae kwa yupi nimwache yupi?

Bachela wa Ilazo
Kumbe mwalimu naye ana fimbo! Dakika mbili zilizopita alikuwa upande wa Nesi.

Mgogo wa Mvumi
Mnazunguka tu. Haya ni malezi ya watu wa Mtumba, kwenye ofisi za serikali. Mtu anatoka saa kumi na moja na nusu alfajiri mtoto kalala, anarudi saa mbili usiku mtoto kalala. Huo upole anamfanyia nani? Anayelea ni dada wa Singida wa elfu sabini kwa mwezi, ambaye yeye mwenyewe hajawahi kuambiwa "najua umekasirika" tangu azaliwe.

Mnyaturu Manyoni
Simama hapo hapo. "Dada wa Singida" ndiyo nini? Singida tunatoa alizeti, kuku, mawaziri na madaktari. Kila mkitaka mtu wa kuwadekia nyumba mnataja Singida. Futa kauli.

Mgogo wa Mvumi
Mtani, punguza. Ni utani.

Mnyaturu Manyoni
Utani una mipaka yake. Nikisema ombaomba wa mjini wanatoka wapi utacheka?

Mgogo wa Mvumi
Sasa umevuka. Hapo umetukana kabila zima kwa sababu ya neno moja.

Mnyaturu Manyoni
Na wewe ulitukana mkoa mzima. Tuko sawa.

Mama Pacha Nkuhungu
Jamani nimeuliza kuhusu watoto.

Mtumishi wa Umma
Mimi ni huyo wa Mtumba. Ofisi kuhamia huko sikuamua mimi, na mtoto simwachi kwa kupenda. Lakini kuna siku nilirudi mchana bila taarifa. Mtoto kakaa sakafuni na simu, katuni zinaimba, ugali umemkauka mashavuni. Dada yuko jikoni analia kimya kimya, mtoto wake anaumwa kijijini, kamwacha kwa bibi. Miezi yote hiyo nilikuwa namwambia "usimpigie mwanangu kelele, ongea naye kwa upole". Yeye sikuwahi kumuuliza kalalaje.

Wakili wa Area C
Ana umri gani? Chini ya miaka 14 sheria ya ajira ya 2004 hairuhusu kabisa.

Mtumishi wa Umma
Ana ishirini na mbili, wakili. Umesoma yote niliyoandika ukaona umri?

Nesi wa Makole
Pole dada. Lakini ndiyo maana ile programu ya taifa ya malezi na makuzi, PJT-MMMAM, iliyozinduliwa hapa hapa Dodoma Desemba 2021, inasema walezi, haisemi wazazi peke yao. Dada wa kazi naye ni mlezi. Kama mna mafunzo ya kumpa, mpeni na siku ya kupumzika.

Mzee wa Kizota
Enzi zetu bibi alikuwa hapo hapo nyumbani. Hakuna programu.

Nesi wa Makole
Mzee, na huyo bibi ndiye aliyekuwa anatuficha nyuma ya khanga mama akija na fimbo.

Mzee wa Kizota
Hilo nalikubali. Bibi yangu alikuwa hachapi. Lakini alikuwa bibi.

Mtumishi wa Umma
Naulizia tu, kuna kituo cha kulea watoto upande wa Nzuguni au Ilazo kinachofungua kabla ya saa kumi na mbili asubuhi?

Bachela wa Ilazo
Kipo kimoja nyuma ya hapa ninapoishi, wanafungua kumi na mbili na nusu. Ukichelewa jioni wanatoza. Na kelele ninazisikia mpaka kwangu, sijui kama ni za watoto au za walezi.

Mnyaturu Manyoni
Bado nasubiri kauli ifutwe.