Naomba ushauri: Mama alikatiwa daraja la biashara, akasafirishwa la kawaida

Habari zenu wakuu. Sisi watoto tulichanga tukamkatia Mama tiketi ya daraja la biashara, KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) hadi Chicago, maana magoti yanamsumbua na kule kiti kinalala kama kitanda. Ndege ya kwanza ikachelewa, akakosa ya kuunganisha. Wakampakia nyingine, daraja la kawaida. Alishuka ameshika viatu mkononi, miguu imevimba haiingii.

Begi lenye unga wa ulezi wa mjukuu lilifika siku ya nne. Mkataba wa Montreal wa 1999, ule wa kimataifa wa haki za abiria wa ndege na mizigo, unatoa siku 21 kulalamikia mzigo uliochelewa, hilo nimeshaandika. Kinachoniuma ni tofauti ya nauli: wakala hapa Moshi anasema niulize shirika, shirika linanirudisha kwa wakala. Nimbane nani kwanza? Na anarudi mwezi ujao, nifanyeje asinyang'anywe kiti tena?