Wakuu, HER2 2+ inaweza kusema mzee amebakiwa na muda gani?

Mrombo_Mjini: Habari za humu wakuu. Mzee wangu ana miaka 63, toka mwaka jana analalamika tumbo tukajua ni vidonda tu maana akinywa ile dawa nyeupe ya maji anapata nafuu, mwezi wa pili akaanza kutapika kila akila, wakapitisha kamera wakakata kinyama na majibu ni kansa ya mfuko wa tumbo. Chini ya karatasi wameandika protini inaitwa HER2: 2+ na kwenye damu protini nyingine, CEA, ni 14. Tuliyemkuta dirishani alisema "hii haiko mbaya sana" akatupa bahasha, basi. Hivi hizi protini zinaweza kusema mzee ataishi muda gani? Bro anataka kuuza shamba leo leo.

Fundi wa Slaidi: Pole sana mkuu. Nipo maabara ya patholojia, hiyo kitu naipaka rangi kila wiki. HER2 ni protini inayokaa kwenye ukuta wa seli, ikizidi seli inazaliana hovyo. Tunakata kinyama chembamba kuliko karatasi, tunaweka dawa inayonasa HER2 peke yake halafu panageuka kahawia. Za tumbo mara nyingi zinashika rangi pembeni na chini tu, juu panabaki wazi kama herufi U. 0 na 1+ tunasema hana, 3+ anayo, 2+ ni njia panda, lazima kifanyike kipimo cha FISH kinachohesabu jeni yenyewe. Kwa hiyo huyo wa dirishani kawajibu kitu ambacho karatasi haijasema.
Halafu ulizeni vilikatwa vinyama vingapi. HER2 ya tumbo inakaa madoa madoa, kinyama kimoja kinaweza kuikosa kabisa, inashauriwa angalau 5.

Mrombo_Mjini: Asante mkuu. Sasa FISH ikisema anayo ndo kubaya zaidi au?

Fundi wa Slaidi: Hapana, hiyo inachagua dawa, haihesabu siku. Utafiti wa ToGA wa 2010, kwa ambao ugonjwa ulishasambaa na wana HER2, waliopewa kemo tupu nusu yao walivuka miezi 11.1, walioongezewa trastuzumab, dawa inayolenga HER2 yenyewe, nusu walivuka 13.8. Nusu WALIVUKA, maana kuna watu wakisoma hivyo wanajua mwezi wa 14 ndo mwisho wa kila mtu. Omba pia wapime MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2, hizo ni protini za kurekebisha makosa ya DNA, zikikosekana kansa huwa inaitikia vizuri dawa za kuamsha kinga ya mwili. Ila kinachosema zaidi ya zote ni steji, yaani ugonjwa umefika wapi, mmefanya picha ya CT?

Mama Wawili: Mi sio daktari ila nimeuguza mama kwa ugonjwa huo huo. Nyie mnahangaika na HER2 mbona hamuulizi albumini? Nayo ni protini, ipo kwenye damu, kipimo cha kawaida kabisa. Ya mama ilikuwa 26 daktari wa upasuaji akagoma kumkata, akasema mshono hautashika, tukakaa wiki tatu uji wa ulezi na maziwa, mayai, karanga za kusaga, kidogo kidogo kila baada ya masaa mawili maana akijaza anatapika. Ilipofika 33 ndo akaingia theatre. Na hiyo CEA msiikodolee macho, kwetu walikuwa wanaipima kabla na baada ya kemo kuona inashuka au inapanda, namba moja peke yake haikwambii kitu.

Mrombo_Mjini: CT ni Alhamisi. Albumini nimeiona, 29, ilikuwa ukurasa wa pili hata hatukufunua. Bro nimemwambia shamba lingoje kwanza.

Fundi wa Slaidi: Sawa. Mkienda kuomba FISH msibebe karatasi tu, ombeni ile bloki ya nta yenye kinyama. Na msiiache kwenye gari juani, ile ni nta jamani.