Dada yangu anaweka nadhiri za daima, mama analia. Enzi za zamani ilikuwaje?

Binti_Mbinga: Tumsifu Yesu Kristo. Dada yangu ni sista, mwezi ujao anaweka nadhiri za daima, yaani anaahidi kubaki sista maisha yake yote. Baba ameshanunua ng'ombe wa sherehe, ila mama kila akiinama jikoni machozi yanamtoka. Kuna anayeyajua maisha ya zamani ya konventi, nyumba ya masista? Nataka niwe na la kumwambia.

Kipanga: Mwambie asiwe na presha. Masista wa leo wana simu na wanaendesha magari. Kazi ilikuwa zamani.

Mjukuu_wa_Sista: Milele amina. Dada wa babu yangu ni Mbenediktini, sista wa shirika la Mtakatifu Benedikto, ana miaka 82. Nimemsomea, amecheka kwanza. Anasema, naandika:

"Mjukuu wangu, mama yako afadhali analia jikoni. Wangu alilia kanisani. Niliingia mwaka 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, nimetoka Umatengo juu ya lori la kahawa. Siku ya nadhiri za daima tulilala kifudifudi mbele ya altare, tukafunikwa shuka jeusi, maana umeifia dunia. Mama hakuwa ameambiwa. Kuona shuka linashuka, akapiga yowe la msiba, na shangazi zangu wawili wakampokea. Padre akanyamaza. Mimi huko chini nimeng'ata kanzu nisicheke, maana kucheka kanisani ungekutaja mwenyewe kwenye kikao cha makosa, umepiga magoti mbele ya masista wote. Hata sahani uliyovunja ulikuwa unaitaja."

Binti_Mbinga: Shikamoo Bibi Sista! Na ule ukimya wa usiku?

Mjukuu_wa_Sista: Marahaba, anasema. "Baada ya sala ya mwisho, hakuna neno mpaka asubuhi. Alfajiri sista anagonga mlango: Benedicamus Domino, tumhimidi Bwana! Unajibu Deo gratias, tumshukuru Mungu, hata kama bado unaota. Ukimya niliuzoea upesi. Kilichonishinda ni kuacha Kilatini, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, ulipoleta Misa ya Kiswahili. Padre akatusalimu kwa Kiswahili, mimi nikajibu kwa Kilatini, Et cum spiritu tuo, peke yangu, kanisa zima, na sauti ninayo."

Binti_Mbinga: Mama yako je, alinyamaza lini?

Mjukuu_wa_Sista: "Alikaa siku tatu nyumba ya wageni, hanisemeshi. Ya nne nikampeleka kwenye zizi la nguruwe, ndiyo ilikuwa kazi yangu. Akatazama shamba letu la mahindi pale mteremkoni, udongo wote umesombwa na mvua. Akasema, 'Na hawa wanasali kutwa, kulima hawajui.' Akavua viatu, akaomba jembe, akaanza kutuchimbia ngoro kama za kwetu Umatengo, yale mashimo ya shambani yanayozuia mvua isisombe udongo. Jioni akaniuliza kama nakula nikashiba."

Binti_Mbinga: Nimemsomea mama. Anauliza, hizo ngoro zipo?

Mjukuu_wa_Sista: Zipo chache, nyuma ya zizi. Mwaka huu wamepanda maharage.